Mtoto mdogo mwenye ADHD: umpe dawa au usubiri? Namna ya kuamua

Karatasi ya dawa ya ADHD ya mwanangu, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kushika umakini, ilikaa kwenye droo yangu wiki tatu nzima. Nikifungua droo naiona, nafunga. Mama watoto anasema tumpe, mi nasema tusubiri, kesho yake tumebadilishana, yeye ndo anasema tusubiri na mi ndo nataka tumpe hata leo kwa sababu dogo kanitupia kiatu cha uso. Nikiangalia nyuma naona tulikuwa tunabishania swali lisilo na jibu. Tulikuwa tunaulizana dawa hizi ni nzuri au mbaya, wakati swali linalojibika ni hili: huyu mtoto wetu, kwa umri alionao, ni shida gani hasa tunataka ipungue, na tutajuaje kama imepungua? Ukishalishika hilo swali mengine yanafuata yenyewe.

Mi sio daktari, ni mzazi tu niliyekesha nikisoma. Dozi na aina ya dawa ni mambo ya daktari anayemjua mtoto wako. Nachotaka uingie kwa huyo daktari ukiwa umetulia na unajua cha kuuliza.

Anza na umri

Hapa watu wengi wanaruka. Mtoto wa miaka 4 na mtoto wa miaka 8 sio kesi moja hata kama wote wawili wanapanda juu ya kabati. Mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, wa mwaka 2019 unasema kwa mtoto wa miaka 4 mpaka kabla hajatimiza 6 tiba ya kwanza ni mafunzo ya wazazi, yaani wewe ndo unafundishwa namna ya kumwongoza, na dawa inaingia baadaye kama mafunzo hayajaleta nafuu ya maana na shida bado ni kubwa au ya kati. Uingereza, mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, wamekaza zaidi: chini ya miaka 5 hakuna dawa mpaka ipatikane rai ya pili ya wataalamu wa ADHD wenye uzoefu na watoto wadogo. Kuanzia miaka 6 AAP wanabadilika, hapo wanasema dawa pamoja na mafunzo na msaada wa shuleni.

Kwanini wanawabania wadogo hivyo? Kuna utafiti mmoja wa Marekani unaitwa PATS, matokeo yalitoka 2006, ulikuwa wa watoto wa miaka 3 hadi 5 na nusu na dawa ilikuwa methilifenideti, hiyo ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Dawa ilisaidia, tusidanganyane, lakini ilisaidia kidogo kuliko inavyosaidia watoto wa shule ya msingi, alafu madhara yalikuwa mengi zaidi, kama mtoto 1 kati ya 9 aliachishwa kwa sababu ya madhara. Wengine walikuwa wanalia hovyo, wananuna, hisia ziko juu juu. Na wale walioendelea nayo kwa mwaka waliongezeka urefu pungufu ya karibu sentimita 1.4 na uzito pungufu ya kama kilo 1.3 ukilinganisha na ilivyotarajiwa. Kwa mtu mzima kilo 1.3 ni kitu gani, lakini kwa mtoto wa miaka 4 hiyo ni zaidi ya nusu ya kilo alizotakiwa kuongeza mwaka mzima.

Nyingine mpya mpya: Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa zote za kuchangamsha ubongo zile za kukaa muda mrefu mwilini ziwekewe onyo kuhusu watoto wa chini ya miaka 6 kupungua uzito. Kwahiyo kama mwanao ana miaka 5 na umeandikiwa kidonge cha kutwa nzima, sio kosa kumuuliza dokta, kwanini hiki na sio kile cha saa chache?

Kuna kichekesho hapa ambacho kitakuchanganya ukisoma vikaratasi vya ndani ya boksi. Methilifenideti ina kibali cha FDA kuanzia miaka 6, ila baadhi ya amfetamini za zamani, aina ya pili ya dawa za kuchangamsha ubongo, zina kibali kuanzia miaka 3, utadhani hizo ndo salama zaidi kwa wadogo. Hapana. Ni kibali cha enzi masharti yalikuwa mepesi. Kwa watoto wa chini ya miaka 6 iliyofanyiwa utafiti zaidi ni methilifenideti, na ndo AAP wanayoitaja kama ikibidi. Kuandikiwa dawa ya nje ya kibali kwa mtoto mdogo sio lazima dokta awe amekosea, muhimu akueleze.

Hayo mafunzo ya wazazi

Nilivyoambiwa kwanza niende mafunzo nilichukia. Nilisikia kama naambiwa sijui kulea. Nina watoto watatu, wawili wametulia kama maji ya mtungini, sasa leo nifundishwe kulea? Lakini sio hivyo. Mtoto mwenye ADHD malezi ya kawaida hayamtoshi, anahitaji yaleyale ila kwa ukali wa mpangilio ambao mzazi wa kawaida hana sababu ya kuwa nao. ADHD inarithiwa sana, ni moja ya hali za akili zinazorithiwa kwa kiwango cha juu kabisa, kwahiyo hakuna mtu aliyekuita ukajibu kesi ya malezi. (Na kwa sababu inarithiwa, kuna uwezekano mzazi mmoja naye anayo, mpangilio kwake ni mlima. Mi nilijaza fomu ya dogo nikajikuta najijaza mwenyewe.)

Mnachojifunza kiko hivi. Agizo moja kwa wakati, fupi, ukiwa karibu naye na anakuangalia, sio kupiga kelele ukiwa jikoni "vaa viatu chukua begi zima taa". Kusifia hapohapo, ndani ya sekunde, na kusifia kitu chenye jina, "umeweka kiatu mahali pake", maana mtoto huyu zawadi ya wiki ijayo kwake ni sawa na zawadi ya karne ijayo. Kupuuza kwa makusudi makosa madogo ya kelele na kujitingisha. Adhabu fupi, ileile kila siku, bila hotuba. Alafu kila siku dakika chache za kucheza naye yeye ndo kiongozi na wewe huamuru kitu, hiyo mi ndo iliyonishinda na ndo iliyobadilisha zaidi.

Kwenye huo utafiti wa PATS wazazi walipitishwa kwanza wiki 10 za mafunzo kabla ya dawa. Walioingia mwanzo walikuwa watoto 303, waliofika hatua ya kupimwa dozi 165. Waliobaki njiani walikuwa na sababu tofauti, lakini kuna wazazi waliosema yametosha, hatuhitaji tena. Kwahiyo kama mtoto ana chini ya 6 na hamjafanya mafunzo, hapo uamuzi mnao tayari: sio sasa. Nendeni mafunzo kwanza. Isipokuwa hatari ni kubwa kiasi kwamba hamwezi kusubiri, au mahali mlipo mafunzo hayapatikani kabisa, hapo hata AAP wanasema daktari apime hatari ya kuanza dawa mapema na hatari ya kuchelewa.

Hakikisha kwanza ni ADHD kweli

Kama mtoto alipewa jina la ADHD ndani ya dakika 15 kwa kuangaliwa anavyozunguka kwenye kiti cha hospitali, rudi nyuma. Vigezo vinataka dalili zionekane sehemu mbili au zaidi, mfano nyumbani na shuleni, ziwe zimekaa miezi 6 au zaidi, zimeanza kabla ya miaka 12, na ziwe zinamharibia maisha, sio kuwachosha wakubwa tu. Lazima mtu azungumze na ticha. Kuna fomu za Vanderbilt, moja ya mzazi moja ya mwalimu, kila tabia unaipa alama kuanzia 0 mpaka 3. Omba hizo au zinazofanana nazo. Na ujue kwa mtoto wa miaka 4 kuhangaika na kusahau ni kazi yake ya kawaida, kwahiyo analinganishwa na wenzake wa umri huo, halinganishwi na dada yake wa miaka 9.

Tena angalia mwezi wa kuzaliwa. Utafiti wa British Columbia, Canada, uliotoka 2012 uliona wavulana waliozaliwa Desemba, yaani wadogo kuliko wote darasani, walipewa jina la ADHD kwa asilimia 30 zaidi kuliko waliozaliwa Januari na kupewa dawa kwa asilimia 41 zaidi. Nchi nyingine nazo zimeona kitu hichohicho. Mtoto anatibiwa utoto wake. Kama wa kwako ndo mdogo wa darasa, litaje hilo mbele ya dokta, na fikirieni kama angeweza kusubiri mwaka ndo aende darasa hilo.

Alafu kuna vitu vinavyojifanya ADHD. Usingizi mbovu ndo namba moja, mtoto anayekoroma sana, anayelala mdomo wazi, anayeshtuka kama amekosa hewa, tezi za kooni zinaweza kuwa zimembana na mtoto asiyelala vizuri halali mchana kama mtu mzima, anarukaruka. Masikio, macho. Upungufu wa madini ya chuma. Kifafa kile cha kuzubaa sekunde chache bila kuanguka, ticha anadhani anaota ndoto za mchana. Hofu, msiba, ugomvi wa nyumbani, kupigwa. Shida ya kusoma ambayo haijagunduliwa, maana hata wewe ukikalishwa saa sita kwenye lugha usiyoielewa utachezea kalamu. Na baadhi ya hivi vinaweza kukaa pamoja na ADHD kwahiyo kukipata kimoja sio mwisho wa habari.

Sukari? Hapana. Imepimwa mara nyingi, watoto na wazazi wote bila kujua nani kapewa sukari kweli na nani kapewa kitamu bandia, hakuna tofauti ya tabia. Mwambie na bibi yake.

Hesabu na gharama ya kutokumpa

Sisi wazazi tukikaa kupima dawa tunaandika madhara ya dawa upande mmoja, upande wa pili tunaandika "asipopewa" na kuweka sifuri. Sio sifuri. Watoto wenye ADHD wanaumia zaidi, wanaanguka, wanagongwa, wanaungua, na tafiti zimeona vipindi wanavyokuwa kwenye dawa ajali zinapungua. Kuna kufukuzwa shule ya awali. Kuna kukosa rafiki, yaani mtoto haalikwi popote. Na kuna lile la mtoto wa miaka 6 anayekuambia "mi ni mbaya" kwa sauti ya kawaida tu kama anavyokuambia jina lake. Dogo aliponiambia hivyo ndo nilitoa karatasi kwenye droo, lakini tuliishaenda mafunzo wakati huo na alikuwa karibu kutimiza 7.

Sasa kaa na daftari. Andika vitu vitatu tu, visizidi, vinavyomuumiza mtoto mwenyewe, na uviandike kwa namna inayohesabika. "Ana fujo" haihesabiki. "Ameuachia mkono wangu na kukimbilia barabarani mara 4 wiki hii" inahesabika. "Amempiga mwenzake, ticha kaniandikia meseji mara 3." "Kuvaa asubuhi dakika 40 na kilio." Hesabu wiki mbili bila kubadilisha chochote. Mkimaliza mtajikuta mambo mawili, ama mnaona shida ni ndogo kuliko mlivyodhani na ilikuwa ni uchovu wenu (hutokea, na sio aibu), ama mnaona ni kubwa na sasa mna namba za kwenda nazo kwa dokta.

Kama vyote vitatu ulivyoandika vinahusu starehe ya wakubwa, mfano anaongea sana kwenye gari, anavunja vikombe, hapo dawa sio jibu lake.

Dawa zenyewe kwa kifupi

Sio vitu vya juzi. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley huko Rhode Island aliona watoto waliopewa amfetamini wanatulia na kufanya kazi zao za shule. Methilifenideti ilitengenezwa 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na jina Ritalin limetoka kwa mkewe aliyekuwa anaitwa Rita kwa kifupi. Kwahiyo hii hofu ya "wanafanyia watoto wetu majaribio" imechelewa miongo kadhaa, ingawa hofu ya watoto wa chini ya 6 bado ina msingi, utafiti kwao ni mchache.

Zinachofanya ni kuzifanya kemikali za ubongo ziitwazo dopamini na noradrenalini zikae zaidi mahali seli za ubongo zinapopeana taarifa. Methilifenideti ya kawaida inaanza kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, inaisha baada ya saa 3 au 4, za muda mrefu zinafika saa 8 hadi 12. Haijikusanyi mwilini, ya leo inaisha leo. Mi hilo ndo lililonitoa hofu, kwamba siku ya kwanza ikienda vibaya, jioni imeshatoka na kesho simpi.

Kama stimulanti, yaani hizi za kuchangamsha ubongo, haifai au imekataa kuna nyingine. Atomoksetini inachukua wiki kadhaa ndo uione kazi yake, lazima inywewe kila siku, na ina onyo la kuangalia mawazo ya kujidhuru. Guanfasini na klonidini zinaleta usingizi na kushusha presha, na hizi mbili USIZIKATISHE ghafla, presha inaweza kupanda. Hizo zote kwa wadogo ushahidi ni mdogo zaidi.

Kuna uongo mmoja hata baadhi ya matabibu wanausema, kwamba mpe tu, akitulia basi ujue ana ADHD. Sio kweli, stimulanti inaongeza umakini hata kwa asiye na ADHD. Kutulia sio kipimo cha ugonjwa. Na uongo wa upande wa pili ni kwamba atakuwa teja. Zina uwezo wa kutumiwa vibaya ndio, zinafungiwa kabatini na mkubwa ndo anatoa, lakini tafiti za kufuatilia watoto hazijaonyesha kwamba kutibiwa utotoni kunamfanya mtu awe mtumiaji wa madawa ukubwani.

Kabla ya kukubali, yaseme haya hata usipoulizwa

Moyo. Kuna mtu kwenye ukoo alikufa ghafla kijana? Mtoto ana tatizo la moyo la kuzaliwa, au huzimia akikimbia, au analalamika kifua? Hili likiwepo daktari atataka moyo uangaliwe kwanza. Pia sema kama ana tabia ya kupepesa macho au kukohoa kohoa bila kujizuia, kama ana kifafa, kama kuna mtu kwenye ukoo ana ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, na dawa zote anazotumia, za kienyeji pia. Hakikisha urefu, uzito, presha na mapigo ya moyo vimepimwa na kuandikwa KABLA ya kidonge cha kwanza. Bila namba ya mwanzo hutajua kilichopungua.

Alafu muulize dokta: tunaanza na kiasi gani na tunapanda lini? Nikiona kitu usiku nampigia nani? Tutajuaje imeshindwa? Dokta akikujibu hilo la mwisho kwa "utaona tu", we mwambie mi nina vitu vitatu kwenye daftari, tuvitumie hivi.

Fanyeni iwe jaribio

Hapa ndo penye kazi. Mkiamua kumpa, msiamue "tunampa dawa". Amueni "tunajaribu wiki nne kisha tunakaa". Uzito wote wa lile swali unapungua, kwa sababu hamjafunga ndoa na kidonge.

Anza siku ambayo uko nyumbani naye, sio siku ya shule, umuone mwenyewe saa ya kwanza mpaka ya mwisho. Chakula kabla ya dawa, maana hamu ya kula mchana itapungua, hiyo ni karibu uhakika, kwahiyo asubuhi ashibe na usiku dawa ikishaisha umpe tena hata kama saa imepita. Daktari ataanza na dozi ndogo na kupanda polepole, kwa wadogo polepole zaidi. Usibadilishe kitu kingine wiki hizo, usihamishe shule, usianze vitamini, usimkatalie katuni ghafla, maana ikitokea nafuu hutajua imetoka wapi.

Daftari liendelee na vile vitu vitatu, ongeza mistari ya madhara: kula, saa aliyolala kweli, tumbo, kichwa, kulia, kupepesa macho. Mengi ya haya, hasa tumbo na kichwa, hupungua wiki za mwanzo zikipita. Ticha ajaze fomu kila wiki. Sisi tulimwambia ticha tu kwamba tunafuatilia maendeleo, hatukumwambia wiki ipi dozi imebadilika, ili asituandikie anachotarajia. Dokta alilikubali, wengine wanaweza wasilipende, mkubaliane.

Angalia vitu viwili watu wanavichanganya. Kimoja ni saa za jioni dawa inapotoka, mtoto analipuka, analia, yuko mbaya kuliko hata kabla. Hiyo haimaanishi dawa imekataa, mara nyingi ni namna inavyoisha, na daktari anaweza kubadilisha saa au aina. Kingine ni mtoto aliyezubaa, hacheki, amekaa kama picha, ticha anasema "siku hizi ana adabu kweli". Hiyo ni dozi kubwa au dawa isiyomfaa. Usikubali hata kama darasa zima limefurahi. Dawa ikimkaa vizuri mtoto anabaki yuleyule na utani wake uleule, ila safari hii anamaliza sentensi.

Na andikeni mapema, kabla ya siku ya kwanza, kitakachowafanya muache. Sisi tuliandika: akipungua kilo moja, asipolala kabla ya saa nne usiku kwa wiki nzima, au asipocheka. Siku ya kwanza mtu ana akili, wiki ya tatu mtu anatetea uamuzi wake. Maumivu ya kifua, kuzimia, kuona au kusikia visivyokuwepo, hayo hayasubiri daftari, unasimamisha na kumpigia daktari siku hiyohiyo.

Ya kwanza ikishindwa sio mwisho. Kwa watoto wa umri wa shule kama 7 kati ya 10 wanapata nafuu kwa stimulanti ya kwanza, na ukijaribu aina zote mbili, methilifenideti na amfetamini, idadi inapanda zaidi. Wadogo ni pungufu.

Mkiwa hamkubaliani, na watu wa pembeni

Shemeji zangu wote wakawa madaktari wiki ile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nilinyamaza. Lakini mzazi mwenza sio mtu wa pembeni, msimpe mtoto kwa kificho cha mwenzio, itajulikana, na mtoto atajifunza kwamba dawa ni siri ya aibu. Kwetu kilichotuweka pamoja ni zile wiki nne na ile orodha ya kuacha, maana anayeogopa anakubali jaribio kabla hajakubali dawa. Na asiyeshinda na mtoto mchana apewe zamu ya wiki moja nzima asubuhi. Wiki moja tu.

Shule ikikushinikiza, sikiliza wanachokiona maana wanakiona kweli, ila kuandika dawa sio kazi yao. Marekani tangu 2004 sheria inakataza shule ya umma kumwambia mzazi mtoto hasomi hapa mpaka anywe dawa. Kwingine angalia sheria zenu, hata hivyo omba kwanza vitu vya darasani: akae mbele, kazi ikatwe vipande vifupi, aruhusiwe kusimama.

Mtoto naye aambiwe. Mfupi tu, "hii inasaidia ubongo wako usimame kidogo kabla hujafanya kitu, kama breki ya baiskeli, kukanyaga pedeli ni wewe". Na tafadhali sana, akikosea usimuulize "leo umekunywa dawa?", hilo neno linamfundisha kwamba wema wake unatoka kwenye kichupa. Mi nimelisema mara mbili na nakumbuka zote mbili.

Ikishakubali

Mwongozo wa NICE unataka uzito upimwe kila miezi 3 kwa watoto wa miaka 10 na chini, urefu kila miezi 6, presha na mapigo ya moyo kila miezi 6 na kila dozi ikibadilika. Kwa wanaotumia miaka mingi urefu wa ukubwani unaweza kupungua sentimita 1 au 2. Weka kwenye hesabu yako, usilifiche wala usilikuze.

Alafu kuna utafiti mkubwa unaitwa MTA, watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, matokeo ya kwanza 1999: baada ya miezi 14 waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu, wenye mafunzo na wasio nayo, dalili zao zilipungua kuliko waliopata mafunzo peke yake. Walipofuatiliwa mpaka mwaka wa tatu tofauti kati ya makundi haikuonekana tena. Watu wanabishana sana maana yake, wengi walishabadilisha matibabu katikati. Mi nimechukua moja tu humo, kwamba dawa iliyofanya kazi mwaka huu haina hati ya mwaka kesho, lazima iulizwe tena.

Kwahiyo mara moja kwa mwaka, kwa makubaliano na daktari, mnajaribu bila dawa wiki moja au mbili. Sio wiki ya kwanza ya shule, sio wakati wa mitihani, sio safarini. Shule iwe imetulia, ticha ameshamjua. Daftari lilelile, vitu vilevile vitatu, au vibadilisheni kama amekua navyo. Jaribio letu la mwisho siku ya tatu dogo alisema mwenyewe anakitaka kidonge cha hesabu ila Jumamosi hakitaki, maana siku hiyo anacheza mpira na anasema kikiwemo haoni njaa. Tulimpelekea daktari hoja hiyo kama ilivyo, akasema kwa aina anayotumia inawezekana, tupime uzito baada ya miezi mitatu tuone.